Utafiti wa Darasa la Sita

Mkaguzi alipotuambia kwamba kila mwalimu atafanya utafiti ndani ya darasa lake mwenyewe, nilicheka kwa sauti na sikuona haya. Miaka kumi na tisa nafundisha katika shule hii ya milimani, juu ya mji wa Ain Draham, Tunisia, na nilidhani hakuna nisichokijua kuhusu wanafunzi wangu. Bechir, anayefundisha darasa la nne, aliniinamia akanong'ona, "Najwa, kesho tutavaa makoti meupe tuwapime watoto mkojo."

Mkaguzi huyo, Bwana Mouldi, ni mtu mpole asiyejua kukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alitueleza taratibu: chagua swali moja linalokusumbua, kusanya ushahidi wa aina mbili, badilisha kitu katika ufundishaji wako, kisha pima kama kimesaidia. "Na ushahidi," akasema, "asiuangalie mwenye darasa peke yake. Sisi walimu tunajipendelea." Niliyaandika maneno yake kwenye daftari, kisha nikayasahau.

Swali langu lilikuwa hili: kwa nini watoto wa nyuma hawashiriki? Nikachora karatasi yenye majina ishirini na sita, na kila mtoto aliyenyoosha mkono akajibu nilimwekea alama ya vema. Ushahidi wa pili ulikuwa simu yangu. Niliiacha irekodi vipindi sita vya hesabu, ikiwa kwenye kizingiti cha dirisha la nyuma, kwa sababu soketi inayofanya kazi ni ile ya hapo tu. Kuzisikiliza rekodi zenyewe, sikuzisikiliza. Nani ana muda wa kukaa kusikiliza watoto wanavyokohoa na viti vinavyokwaruza sakafu? Karatasi ilinitosha.

Dorsaf alikaa chini ya dirisha lile. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akitembea kilomita nne kutoka kwenye nyumba za juu msituni, na kila siku ya Mungu alifika viatu vimelowa. Wiki yake ya kwanza kwangu alisoma kwa sauti, kwa lafudhi ya kule kwao, na darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Nalisema leo waziwazi kwa sababu kwenye ripoti sikuliandika. Tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena. Katika mitihani alikuwa mzito wa kuandika, akirudisha karatasi nusu tupu, nami nikaona ni kutojua.

Mwezi wa Machi baba yake, Ami Lazhar, alikuja shuleni. Kazi yake ni kubandua magome ya mialoni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Alibeba trei ya mayai.

"Mwalimu, nakuuliza kama dada yangu," alisema. "Kuna watu kule Tunis wanataka binti wa kuwalelea mtoto. Mke wangu hataki kusikia. Nimemwambia, atakalosema mwalimu ndilo hilo. Huyu Dorsaf shule anaiweza?"

Sheria inakataza kumtoa mtoto shuleni kwa umri ule. Najua hivyo, na kama ningemjibu hilo tu lingetosha. Lakini mimi nilikuwa na utafiti! Nikamfungulia karatasi, nikateremsha kidole hadi kwenye jina la binti yake. Vipindi sita, hakuna vema hata moja.

"Tazama mwenyewe, Ami Lazhar. Simwonei. Kichwa chake ni kizito, ila ni mtoto mwenye adabu."

Ami Lazhar hajui kusoma, lakini nafasi tupu aliielewa. "Basi wewe umepima," akasema. "Mimi nani hata nikubishie?" Akaniachia mayai yake akaondoka. Jumatatu kiti cha Dorsaf kilikuwa kitupu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaandika kwenye ripoti: "Mwanafunzi mmoja ameacha shule, matokeo hayakuathirika."

Katikati ya Aprili Bwana Mouldi alirudi kutathmini kazi zetu. Yangu aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa.

"Umejitahidi, Bibi Najwa. Rekodi zinasemaje?"

"Zinasema yale yale ya karatasi."

"Umezisikiliza?"

"Bwana Mkaguzi, mimi nasimama mbele ya darasa hilo kila siku. Macho ninayo."

"Macho unayo," alisema kwa upole wake ule ule. "Hebu leo tuazime masikio ya Bechir."

Tukakaa watatu kwenye chumba cha walimu, Bechir akitafuna mkate na harisa, ile pilipili ya kusaga. Mwanzoni ilisikika sauti yangu tu. Nauliza, najijibu, nauliza tena. "Ya Rabi," akasema Bechir, "huyu mwanamke hapumui!" Tulicheka sote. Kisha mkaguzi akainua kidole akauliza, "Na huyu ni nani?"

Chini ya kelele zote, karibu kabisa na simu, palikuwa na sauti ndogo. Niliuliza nusu ukijumlisha na robo unapata ngapi. Kabla Yosra wa dawati la mbele hajajibu, sauti ile ilisema, "Robo tatu." Niliuliza nusu na theluthi. "Tano juu ya sita," ikasema. Yosra alipokosea, sauti ile ilimsahihisha polepole, bila kumcheka. Bechir aliweka mkate chini. Tulisikiliza vipindi vyote sita, na mkaguzi alihesabu majibu arobaini na moja, yote sahihi. Katika kipindi cha tano nikajisikia nikifoka, "Huko nyuma, kimya!" Sauti ile haikusikika tena mpaka kengele.

"Ni Dorsaf," nikasema. Moyo wangu ulivunjika pale pale mezani, na sina neno zuri zaidi la kulieleza.

Kesho yake alasiri nilipanda msituni. Mama yake, Mabrouka, alikuwa akibandika mikate kwenye tanuri la udongo. Niliwawekea rekodi yeye na mumewe. Mabrouka akasogeza sikio, unga ukiwa bado mikononi. "Rudia, Mwalimu," aliniomba, na nilipofika mwisho akaniomba tena. Majibu hakuyajali. Alikuwa na wiki tano hajaisikia sauti ya mwanawe.

"Ulinionyesha karatasi," alisema Ami Lazhar.

"Nilikosea, ami. Karatasi niliichora mimi na kosa ni langu. Mpigie simu, nami nitakwenda mwenyewe kumchukua."

Akapiga. Mama mwenye nyumba alimwita Dorsaf, nami nikaichukua simu.

"Rudi nyumbani, binti yangu. Hesabu unazijua kuliko darasa zima."

"Hapana, Mwalimu. Baba aliniambia ulipima."

"Nilipima vibaya. Hebu sikiliza." Nikazisogeza simu mbili pamoja, nikamwekea ile ya nusu na robo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni Yosra, Mwalimu."

"Ni wewe, Dorsaf!"

"Mimi kichwa changu kizito," alisema, kwa adabu ile ile niliyomsifia kwa baba yake. "Huku kazi naiweza." Mabrouka alimwita kwa jina, mara mbili, huku mtoto mchanga akilia upande wa pili. Dorsaf akatuomba radhi, akakata simu.

Ami Lazhar hakutaka niende naye. Jumamosi alishuka Tunis kumfuata mwanawe, na Jumapili akarudi peke yake. Alipita kwangu kunieleza, akiwa amesimama nje, hakukubali hata chai. Alisema alimshika mkono wakafika hadi mlangoni, na pale mtoto akaushikilia mlango, akalia, akamwomba asimrudishe kwangu.