Mvua ya Siku ya Kumi na Moja

Sekunde arubaini na moja! Afriyie aliitazama namba ile kwenye skrini akatamani kuizaba kofi. Programu ya Ofosuhene, kwa mto uleule, milinganyo ileile na mvua ileile, ilikuwa imemaliza kwa sekunde moja na nusu.

"Dada Afriyie," Ofosuhene alimwita kutoka meza ya pili, donge la kenkey limejaa mdomoni, "hiyo programu yako ya Fotrani inahesabu, au imeenda kuchota maji?"

"Cheka tu. Utapaliwa."

Maabara nzima pale Kumasi iliangua kicheko. Afriyie naye alicheka, lakini roho ilimuuma. Saa sita Profesa Dwomoh angechagua programu moja, na aliyeiandika angekwenda nayo bwawani msimu wote wa mvua, kukokotoa kina cha maji kabla milango ya bwawa haijafunguliwa. Mama yake na wadogo zake waliishi chini ya bwawa lile. Kazi ile aliitaka kufa na kupona.

Akafungua majibu ya mwenzake, akayalinganisha na yake siku kwa siku. Siku ya kwanza, sawa. Ya tano, sawa mpaka tarakimu ya sita. Ya kumi na moja, akavuta kiti mbele. Kwake mto ulipanda mita tatu. Kwa Ofosuhene ulikuwa umelala fofofo.

"Wee, Ofosu! Mvua ya siku ya kumi na moja umeipeleka wapi?"

"Imo. Nimeiingiza kwa mikono yangu hii."

"Imo, lakini programu yako haikuiona! Njoo!"

Wakaiinamia skrini, vichwa nusura vigongane. Programu ya Afriyie ilitembea hatua za dakika moja, mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana ikajikongoja. Ya Ofosuhene ilijipangia: maji yakichafuka inanyata, yakitulia inarefusha hatua. Basi ilikuta siku kadhaa za utulivu, ikajiamini, ikapiga hatua ya siku nzima, na mvua kubwa iliyonyesha kwa saa mbili tu ikaachwa katikati bila kukanyagwa.

Damu ilimchemka Afriyie kwa furaha. Ameshinda! Angefunga mdomo tu, amngoje Profesa. Lakini vidole vilimwasha, alitaka kujua.

"Ongeza mstari mmoja. Iambie hatua isizidi nusu saa."

"Itakuwa konokono kama yako."

"Andika bwana!"

Akaandika, akabonyeza. Sekunde nne! Na mto ukapanda mita tatu kamili. Walipiga ukelele wote wawili, wakarukaruka kama watoto. Afriyie ndiye aliyetulia kwanza, maana ndipo alipoelewa amejifanyia nini.

Profesa Dwomoh aliingia kwa kelele hizo, na Ofosuhene akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Afriyie, tuchukue ipi?"

"Yake, Profesa. Bwawani hesabu inarudiwa mara hamsini. Mafuriko yatafika yangu bado inahesabu."

"Haya. Inakwenda ya Ofosuhene." Profesa akavua miwani. "Lakini ingetuulia watu, na aliyeona ni wewe peke yako. Utakwenda nayo wewe."

"Na mimi je?" Ofosuhene akamaka.

"Utabaki hapa kuitafutia kasoro nyingine."

Afriyie alikuwa keshatoka barazani, simu sikioni. "Mama? Mama, mvua za mwaka huu laleni usingizi. Nitakuwepo bwawani mimi."