Moduli ya Mjomba

Orodha ya moduli za kufutwa ilikuwa na majina kumi na tisa, na la saba nililisoma mara mbili. Moduli hiyo, kipande cha programu cha kusoma sauti zilizorekodiwa kwenye simu za zamani, aliiandika mjomba wangu miaka ishirini na miwili iliyopita. Mimi ndiye mtunzaji wa maktaba ya lugha yetu ya kompyuta, yaani lile kabati la vifaa ambalo kila mwandishi wa programu hulikuta tayari. Kufuta ilikuwa kazi yangu.

Utaratibu wetu ni wa kistaarabu. Moduli ikizeeka tunaipa miaka miwili, na kila anayeitumia huonyeshwa onyo la njano kwamba inaondoka. Miaka yote miwili nilimpiga chenga mjomba. Akija nyumbani, nafunika kompyuta kama mtoto aliyeiba sukari. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Ningemwambiaje kwamba naitupa ya kwake?

Siku ya kufuta ikaangukia Jumatatu. Nikapiga moyo konde, nikamwita ofisini, nikamwonyesha orodha.

"Mjomba, nisamehe."

Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho. Kisha akaipiga meza kofi.

"Kumbe mnaiondoa kweli! Onyo lenu naliona siku nyingi, nikasema nisiulize, usije ukabadili nia kwa kunionea haya."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Mpwa wangu, kila wiki watu wananiandikia: sauti inakwama, sauti inakatika. Kazini nimestaafu, lakini hiyo moduli imekataa kuniachia. Hebu ifungue, soma pale juu."

Nikaifungua. Mstari wa kwanza kabisa aliuandika mwenyewe: "Hii ni ya muda tu. Nitaiandika upya Jumatatu."

Tulicheka mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Nilifurahi, na hasira zikanipanda pia: miaka miwili nakosa raha bure!

Akaomba kubonyeza yeye. Mistari mia sita na arobaini ikaondoka kwa kidole kimoja. Tukasubiri majaribio ya kuona kama kuna kilichoharibika, roho juu, mpaka alama zote zikawa kijani. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

"Haya, mama," akaniambia. "Jumatatu imefika."