Gari la Papa Halisukumwi

Papa yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, na mwaka ule wa dipanda, yaani uhuru, akawa mtu mwenye gari. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, mteja wake wa miaka mingi, alirudi kwao Ubelgiji kwa haraka, akamwachia ufunguo juu ya meza ya kushonea. Basi, ikawa hivyo. Gari la Kimarekani, la kijivu, pana kama kitanda cha harusi. Mtaa wetu wote wa Kabondo ulikuja kulishikashika.

Mimi ndiye Madina, na nilikuwa niolewe mwezi wa nane. Mchumba wangu Yakubu alikuwa fundi wa magari, na nyumba yao ilikuwa barabara ileile ya kwetu, karibu kiasi kwamba ukikohoa wanakusikia. Ningeweza kwenda kwa mume wangu kwa miguu, chai mkononi, na chai isipoe. Lakini Papa alitangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba binti yake atapelekwa kwa gari.

"Na gari iwake yenyewe," alisema. "Wakati ya Wabeleji nilisukuma magari yao mu matope mpaka mabega ikatoka ngozi. Sasa tuko na dipanda. Gari yangu haisukumwi na mutu. Kama haiwake, harusi inangoja."

Wazee walicheka, wakaitika. Mimi pia nilicheka, kwa sababu lile gari lilikuwa bado halijaonyesha tabia yake.

Mwanzoni liliwaka vizuri. Harusi ilipokaribia ndipo likaanza vituko: jioni linanguruma, asubuhi limekufa. Papa anageuza ufunguo, gari linasema kh, kh, halafu kimya. Yakubu anakuja, anang'oa betri, anakwenda kuichaji gereji, anairudisha, gari linawaka, Papa anampigia honi kila anayepita. Kesho yake, kh. Yakubu akaleta betri nyingine nzima. Nayo ikalala usiku mmoja tu kwetu, ikafa. Jirani mmoja alisema yule Mzungu ameacha kinyongo ndani ya gari. Shangazi yangu akalifukizia ubani, mbele na nyuma, na gari likanukia vizuri sana huku limekufa.

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Harusi ni Jumamosi, nywele zimeshasukwa, na bahati yangu yote imelala ndani ya sanduku jeusi lenye asidi. Nilimpenda Yakubu. Nilimpenda tangu siku alipokuja kutengeneza cherehani ya Papa ambayo wala haikuwa imeharibika.

Ijumaa asubuhi alikuja na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Mimi nilikuwa nimewekwa ndani, kama ilivyo desturi ya bibi arusi, kwa hiyo nilimtazama kupitia tundu la pazia. Alifungua boneti, akatoa waya mmoja kwenye betri, akaunganisha ile balbu kati ya waya na betri.

"Papa, angalia," alisema. "Gari iko imezimwa, hapana? Hii taa haipaswi kuwaka."

Balbu ilikuwa inawaka, kidogo, lakini inawaka.

"Donc batri haina kosa. Kuko kitu iko inakula courant ya batri usiku yote, polepole. Tunaitafuta."

Akamwambia Papa achomoe fyuzi moja baada ya nyingine, na kila ikichomolewa airudishe. Papa alichomoa kwa heshima kubwa, kana kwamba anang'oa meno ya chifu. Balbu ikaendelea kuwaka. Akachomoa nyingine, balbu ikazimika. Alipoirudisha, ikawaka tena.

"Bon," Yakubu alisema. "Hii ni ya taa ya ndani na taa ya kofre. Ya ndani iko imezimika, nimeona. Inabaki kofre."

Wote wakageuka kutazama nyuma ya gari, na hapo Mama akainuka kwenye kigoda chake.

Ngoja nieleze. Kwetu, vyombo vya bibi arusi havionwi na upande wa mume kabla ya siku yenyewe. Wakiviona mapema watavihesabu, watavisema, na bibi arusi ataingia nyumba ambayo tayari imemchoka. Nyumba yetu ilikuwa imejaa wageni wa mikono mirefu, kwa hiyo Mama alivificha vyombo vyangu ndani ya kofre, yaani lile sanduku la nyuma la gari. Kila siku aliongeza: sufuria, sahani, mito, vitenge. Vilipozidi, kifuniko kikakataa kufunga. Akakifunga kwa kamba, akatandaza turubai juu yake, akamwamuru Papa aegeshe gari mkia ukiwa ukutani. Hakuna jicho lililoweza kuona kitu.

"Mama, naomba kofre," Yakubu alisema, akitazama chini kwa adabu ya mkwe.

"Jamais! Hata siku moja."

"Nitafunga macho."

"Bokilo, mukwe yangu, weye ni fundi. Fundi anaona hata na mikono."

Papa akaingilia. "Mama Madina, acha afungue."

"Weye ulisema gari haisukumwi," Mama alimjibu. "Mimi nasema kofre haifunguliwe. Kila mutu na neno yake."

Yakubu akaiacha balbu ikiwaka kwenye betri, akainama kukusanya vifaa vyake vingine, pole pole, kama mtu anayefunga mizigo asiyotaka kuondoka nayo. Hapo nikachoka na watu wote watatu. Nikatoka.

Mama aliponiona uani, mbele ya bwana arusi, alishika kitenge kilichokuwa kwenye kamba ya nguo akakitandaza kati yangu na Yakubu. Mikono yake yote miwili ikawa na kazi, na hapo hakuweza kunizuia. Nilipitisha mkono chini ya turubai, nikaupenyeza kwenye upenyo wa kifuniko, nikapapasa katikati ya sufuria na mito mpaka nikagusa balbu ndogo pembeni. Nikaizungusha, ikatoka.

"Imezimika," Yakubu alisema kutoka mbele ya gari. "Taa yangu imezimika."

Kisha akaanza kucheka. Kofre ile, alieleza, ina kidude kinachobonyezwa na kifuniko. Kifuniko kisipofunga sawasawa, taa inadhani bado mtu anatafuta kitu, na inamngoja. "Mama, usiku yote gari ilikuwa inaangazia masufuria yako."

Mama alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka kitenge kikashuka, na kwa dakika moja mimi na Yakubu tukaonana, mimi na balbu mkononi, yeye na nyaya zake. Sijawahi kufurahi vile.

Yakubu aliichaji betri mara ya mwisho, na Jumamosi asubuhi Papa aligeuza ufunguo, gari likawaka papo hapo, na vigelegele vikasikika hadi sokoni. Baada ya swala ya alasiri nikaketi nyuma na Mama. Papa alivaa kanzu aliyojishonea. Mbele ya nyumba ya Yakubu wazee walikuwa wamesimama, ngoma zinalia, lituma ya ndizi na samaki viko tayari. Papa akapiga honi na kuwapita.

"Papa Madina," Mama alisema, "nyumba imebaki nyuma."

"Najua. Batri inapaswa kujaa."

Akatupeleka sokoni, akatupeleka ng'ambo ya daraja la Tshopo, akaturudisha kando ya mto. Kila mtu alitupungia mkono. Kwenye kioo niliona anatabasamu na machozi yanamtoka, nami nikalia, kwa sababu nilitaka kufika na sikutaka kufika. Tuliporudi kwenye barabara yetu akaipita tena nyumba ya Yakubu, na vijana wakatukimbilia wakicheka, ndipo akarudi kinyumenyume na kusimama. Lakini injini hakuizima.

Yakubu akaja dirishani. "Papa, zima moteur. Itawaka tena."

"Una hakika? Kesho nikitaka kuja kumuona mutoto yangu, itawaka?"

Nyumba yetu ilionekana pale pale tulipokuwa, na nguo zetu zilikuwa bado kwenye kamba. Yakubu hakucheka.

"Kila siku, Papa," alisema. "Kila siku ukitaka."

Papa akazima gari, akashuka, akaja kunifungulia mlango yeye mwenyewe.