Kisiwa Kilichohama

Monari alikunywa chai ya asubuhi mchangani akiwa amevaa jaketi la kuelea, kamba zote zimekazwa hadi kidevuni. Mkewe, Bathsheba, alipomwona alicheka hadi chai ikampalia. Walikuwa watu wa milimani Kisii, wauza nguo mjini Migori, Wasabato wasiokosa ibada, na maji pekee yaliyowahi kumfunika Monari utosi yalikuwa ya ubatizo. Hata siku hiyo mchungaji ndiye aliyemshika.

Bathsheba alijifunza kuogelea ukubwani, katika bwawa la hoteli moja mjini, na akanogewa. Tangu hapo alikuwa na hamu moja tu, kuogelea ziwani. Ndiyo maana likizo hii walikuja Karungu, ufuoni mwa ziwa, kwa Leonida, rafiki yake tangu shule ya upili. Monari alikubali shingo upande, tena kwa sharti kwamba mambo yakienda kombo, hata kidogo, hamu hiyo itazikwa papo hapo.

Leonida naye alikuwa na masharti yake. Aliyatoa huku akimfunga rafiki yake kiunoni kamba yenye mtungi mtupu wa plastiki wa manjano, ule wa mafuta ya kupikia, ili aonekane kwa mbali na apate cha kushika akichoka.

"Asubuhi upepo inatoka huku kwetu inaenda ndani," alisema. "Usiiache ikubebe. Kaa karibu na boti. Ukichoka, lala chali uinue mkono. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Alisikia, lakini ule mtungi ulimtia aibu. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walimtazama wakatabasamu, naye akajiona kama punda wa kubeba maji. Alipogeuka akamwona Leonida ameinamia kasia na Monari bado anaomba ulinzi wa safari, mguu mmoja ndani ya boti na mwingine nchi kavu, alifungua kamba, akauacha mtungi ukielea, akajitosa. Mbele yake palikuwa na kisiwa kidogo cha kijani kibichi. Angefika huko na kurudi kabla ya amina.

Maji yalikuwa vuguvugu na mwili ulikuwa mwepesi. Bwawani, kila ukiinua kichwa ukuta unakuwa umesogea. Hapa aliinua kichwa, kisiwa kikawa palepale. Akaongeza mwendo. Alipotazama tena, yangeyange, ndege mweupe aliyekuwa upande wa kushoto wa kisiwa, alikuwa upande wa kulia, bado amesimama kwa utulivu, na kisiwa kizima kilikuwa kimegeuka.

Yalikuwa magugumaji. Upepo ulikuwa unayasukuma kuelekea ndani, na yeye nyuma yake. Ufuo ulikuwa umekuwa mstari mwembamba. Kwa mazoea ya bwawani alinyoosha mkono ashike ukingo apumzike, na mkono ukazama. Bathsheba aliogopa, tena sana. Akalala chali, akainua mkono, akaanza kuutamani ule mtungi kuliko kitu chochote duniani.

Kwanza alisikia wimbo. Ulikuwa wa kanisani, kwa Ekegusii, umepandishwa sauti kupita kiasi na kukosewa kila mahali. Kisha boti ikatokea, Leonida akipiga kasia, Monari amepiga magoti mbele na mtungi kifuani.

"Mama Kemuma, shika," Monari alisema, akamrushia.

Akaukumbatia.

"Ulikuwa unaenda wapi?" Leonida aliuliza.

"Kwa kile kisiwa."

"Hiyo si kisiwa. Hiyo ni magugu, inatembea. Kesho unaweza kuikuta kule mbali Muhuru."

Bathsheba alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Monari alinyoosha mikono ampandishe botini.

"Ngoja, baba Kemuma," alisema. "Nimepumzika. Niache nirudi nikiogelea, lakini msiniache."

Alijifunga kamba mwenyewe, mafundo mawili. Walirudi polepole, upepo ukiwapiga usoni. Alipochoka alishika mtungi, na boti ikamngoja.

Ufuoni alikaa mchangani akingoja hukumu. Monari alikaa kando yake, bado na jaketi lake.

"Nilikuambia mambo yakienda kombo."

"Uliniambia."

Monari alitazama maji. "Nilikuwa naimba vile kwa sababu sikuwa nakuona. Niliona mtungi peke yake. Nikasema, kama mimi simwoni, basi yeye anisikie."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Bathsheba alijisikia vibaya kweli, kuliko hata kule ndani ya ziwa.

"Kesho," Monari aliendelea, "kabla hujaingia, unionyeshe mahali unaenda. Wewe uogelee. Mimi nitakuwa naangalia kama mahali hapo bado pako."

Bathsheba aliegemeza kichwa chenye maji begani mwake. Maji yakamchuruzika Monari shingoni, yakaingia ndani ya jaketi, naye hakusogea.