Funguo za Kamalwadi

Basi la kampuni ya sinema lilifika Kamalwadi saa kumi na mbili asubuhi. Vatsala Kirtane alikuwa amekwisha simama barabarani, orodha mkononi, anaita majina. Watu sitini ndio waliotakiwa. Walitoka sabini na tatu, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja amevaa nguo aliyoiweka kwa ajili ya harusi. Mama mmoja muuza samaki alivaa sari ya zambarau yenye uzi wa dhahabu. Mwashi mmoja alitia suti na tai juu. Nani aende studio na nguo za kazini?

“Jamani, sinema yenyewe ni ya maskini,” Vatsala alisema akicheka.

“Kwani maskini hawana harusi, Dada Vatsala?” alijibu Sakhubai, mtunga maua wa nyumba namba kumi na saba. Wenzake wakaangua kicheko, barabara nzima ikachangamka.

Vatsala alikuwa na miaka sitini na miwili. Ujanani aliigiza sinema tatu zilizopewa medali Ulaya, na hapa Bombay zikakaa wiki moja moja ukumbini. Kamalwadi hakuna aliyeziona. Walichokijua wao ni tamthilia ya televisheni ya saa mbili unusu, ambamo yeye ni mama mkwe mwenye roho mbaya. Walijua pia kwamba tingatinga lilipokuja mara ya kwanza, miaka kumi na minne nyuma, alilala chini mbele yake na sari yake nyeupe. Aligoma kula siku tisa mpaka wakaletewa bomba la maji. Lilikuja bomba moja kwa nyumba mia, lakini lilikuja. Tangu hapo akawa dada yao, na neno lake halikuulizwa mara mbili.

Kazi hii aliitafuta yeye. Kijana mmoja mwongozaji, Anirudh, alimtaka kwa sinema inayohusu mtaa wa mabanda unaobomolewa. Vatsala akamwambia: “Naja, ila umati uuchukue Kamalwadi, na uwalipe kama waigizaji wengine, na chakula cha mchana.” Kijana akakubali. Vatsala alijisikia fahari siku hiyo, tusifiche.

Sakhubai aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, akasita.

“Na wale wapimaji?”

Mwaka ule wa tisini na nane serikali ilikuwa inahesabu nyumba za Kamalwadi. Aliyehesabiwa angepewa chumba cha matofali mahali pengine siku mtaa utakapoondolewa. Asiyehesabiwa angeondolewa bila kitu.

“Ni Alhamisi,” Vatsala alisema, akatoa barua mkobani. “Muhuri huu hapa. Leo ndiyo kwanza Jumanne. Fungeni milango vizuri msije mkaibiwa sufuria, mpande twende.”

Wakafunga. Sakhubai alikuwa amenunua kufuli jipya wiki ile. Wanawake walifunga funguo kwenye ncha za sari zao, kama mama zetu walivyofanya, na wanaume waliokuwa na funguo waliwapa wake zao. Dagdu, mshona viatu aliyevunjika mguu, ndiye mtu mzima pekee aliyebaki ule upande wa mtaa, amekaa mlangoni kwake na gongo.

Studio walikuta Kamalwadi nyingine. Mabati mapya yamepakwa kutu kwa brashi. Kuta zimerushiwa maji ya chai zionekane zimezeeka, na mfereji wa maji machafu umechimbwa, maji yenyewe masafi.

“Wamenunua kutu,” Sakhubai alisema. “Si wangekuja kwangu nikawapa bure.”

Mtu wa mavazi, Mushtaq, aliposhusha macho kwenye zile sari za harusi alishika kichwa. Aliwapanga mstari, akawavua fahari yao mmoja mmoja na kuwapa matambara, na Vatsala naye. Matambara hayo yalikuwa yamefuliwa na kupigwa pasi, kisha yakachanwa kwa mkasi, na kila moja lilikuwa na namba ya kampuni kwa wino mweusi shingoni. Sari na suti zilikunjwa, zikafungiwa stoo.

“Mtazikuta hapa hapa jioni,” alisema.

Nazi ilivunjwa mbele ya kamera kuombea kazi baraka, ikapakwa unga mwekundu, watu wakala vipande vyake. Kazi ikaanza. Katika sinema, maofisa wanakuja, wanasoma orodha, tingatinga linaguna, na Vatsala analala chini. Alilala mara kumi na moja. Mgongo ulimuuma vibaya, akalala tena.

Kilichomkera Anirudh ni Sakhubai. Alimweka mbele kabisa kwa sababu ya sura yake.

“Lia, mama. Nyumba yako inabomolewa.”

“Hii si nyumba yangu, mwanangu.”

“Fanya kama ni yako.”

Sakhubai aliitazama ile nyumba ya bati la brashi, akajitahidi kwa kweli, uso ukakunjamana. Machozi hayakuja. Wakamtia matone ya dawa machoni.

Walikuwa wanamaliza wali na dengu, saa tisa kasoro, Dagdu alipoteremka kwenye bajaji pale getini. Jasho lilikuwa linamtiririka. Tangu saa nne, alisema, alikuwa akipiga simu studio kutoka kibandani, na kila mara anaambiwa asubiri, watu wako kazini.

“Wamekuja,” alimwambia Vatsala. “Pednekar, mkuu wa wapimaji, na watu wake. Wanapita mlango kwa mlango. Wakikuta kufuli hawahesabu, wanapiga duara jekundu mlangoni.”

Vatsala alienda kwa meneja wa kampuni kuomba basi. Meneja alisema basi limekodiwa mpaka saa kumi na mbili, na bado kuna mwanga mzuri wa kupigia picha.

“Mama, wewe ni mtu wa fani. Mnaondokaje katikati ya onyesho?”

“Tunaondoka kwa miguu,” Vatsala alisema.

Wakatoka getini wote sabini na tatu, mbio nusu, hatua nusu, kilomita nne kando ya barabara kuu. Magari yalipunguza mwendo. Abiria walichungulia wakiuliza kamera iko wapi. Mtu mmoja alimtambua Vatsala, akampigia kelele kama mkwe anayemsuta mama mkwe, na garini mwao wakacheka. Vatsala hakugeuka. Kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu, lile alilolisema asubuhi: fungeni.

Pednekar alikuwa ameweka meza chini ya mwavuli penye bomba la maji. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Alipomwona Vatsala alisimama kwa heshima.

“Mama mkwe! Nyumbani mke wangu hakosi kukutazama hata siku moja. Mleteeni kiti.”

“Barua yako inasema Alhamisi.”

“Ilisahihishwa. Tangazo limebandikwa ofisini tangu jana jioni.”

“Ofisini kwenu. Nani analiona huko?”

“Anayekuja kuliangalia.” Alikaa tena. “Nyumba arobaini na moja zimefungwa mchana kweupe. Kanuni inasema nyumba isiyo na mtu si makazi, ni banda la mtu anayeishi kwingine. Kanuni sikuitunga mimi.”

“Watu wenyewe hawa hapa.”

Pednekar aliwatazama. Aliwatazama taratibu, kuanzia matambara mpaka miguu, kisha akainuka, akamsogelea mwashi na kugeuza kola yake kwa ncha ya kalamu.

“Mia moja na nne,” alisoma. “Na huyu, tisini na moja. Dada Vatsala, nakuheshimu sana. Lakini umeniletea waigizaji.”

“Ni wenyeji!”

“Wamelipwa leo?”

Mwashi ndiye aliyekuwa na kikaratasi cha kampuni kimechomoza mfukoni: jina, namba, mwigizaji wa umati, kutwa moja. Pednekar alikichomoa, akakisoma na kukirudisha mahali pake, bila hata kukikunja.

“Tuna kadi za mgao wa chakula, zenye namba za nyumba,” Sakhubai alisema. “Yangu ni ya mwaka wa themanini na mbili. Iko ndani.”

“Basi fungua.”

Sakhubai alipeleka mkono kwenye ncha ya sari. Akashika tambara. Akatafuta ncha ya pili, halafu kiunoni, na wanawake wote nyuma yake nao wakaanza kujipapasa. Hapo ndipo ilipowaingia. Funguo zote zilikuwa stoo ya studio, zimefungwa kwenye sari za harusi.

“Mwenye nyumba hana ufunguo wa nyumba yake,” Pednekar aliwaambia makarani wake, si kwa kejeli. Alikuwa kama mtu anayesikitika kuwa alikuwa sahihi.

Sakhubai alikwenda mpaka mlangoni kwake, kwenye lile duara jekundu ambalo rangi yake ilikuwa bado haijakauka, akaokota jiwe. Kufuli lilikuwa jipya kweli. Aliligonga mara ishirini na zaidi, mkono ukachubuka, na mwishowe si kufuli lililokatika bali komeo na ubao wake, mlango ukalala upande. Alitoka na kadi imefungwa kwenye nailoni. Askari mmoja aliyefuatana na makarani alikuwa anaandika kwenye daftari kwamba mlango umevunjwa.

Pednekar aliifungua kadi, akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Halafu akatazama saa yake.

“Saa kumi na dakika kumi,” alisema. “Orodha inafungwa saa kumi. Pelekeni malalamiko makao makuu, yatasikilizwa.” Akakunja mwavuli. Kabla hajaondoka alimwomba Vatsala amwandikie mkewe jina lake kwenye karatasi. Vatsala alimtazama tu, mpaka akairudisha kalamu mfukoni.

“Kesho nitakaa mbele ya ofisi yao,” Vatsala alisema gari lao lilipoondoka. “Sitakula mpaka—”

“Usianze hiyo, Dada,” Sakhubai alisema. “Ukigoma kula wewe, magazeti yanakupiga picha wewe. Nyumba zetu arobaini na moja zinabaki arobaini na moja.”

Alikuwa hajalia. Alikuwa ameketi kizingitini anafuta damu mkononi kwa lile tambara namba themanini na nane.

Jua lilikuwa linashuka Mushtaq alipokuja na basi. Alishusha marobota ya sari na suti, akaomba radhi kwa kila mtu, kisha akasema kwamba meneja anataka mavazi yake, maana kesho ni onyesho lile lile na lazima yalingane. Watu wakachukua nguo zao. Milangoni kulisikika mawe yakivunja kufuli, kwa sababu wengine hawakuwa na subira ya kufungua mafundo.

Sakhubai alifungua fundo lake kwa meno. Akautoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa Vatsala na kuvikunja vidole vyake juu yake.

“Kaa nao. Wewe ndiye uliyetwambia tufunge.”

Vatsala aliubana ndani ya ngumi.

“Mama,” Mushtaq alimwambia Vatsala akitazama chini, “na hilo tambara ulilovaa ni la kampuni.”

Vatsala alichukua sari yake robotani, akaingia nyumba namba kumi na saba kubadili. Mlango haukufungika tena, ulining'inia kwa bawaba moja, na njia nzima ilikuwa inaona ndani. Sakhubai aliinuka kizingitini, akakunjua sari yake ya harusi, akaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa na kuziba uwazi wote, mgongo wake ukielekea ndani.

“Badili upesi, Dada,” alisema. “Mkono unaniuma.”