Gari Lililojua Kusubiri

Tangu siku ya harusi, mama mapacha alikuwa akimmalizia mumewe maneno. Mume alikuwa fundi rangi, mikono ya dhahabu, ila kigugumizi kilimkaba. Neno likikwama, mkewe, mshonaji mwenye mdomo mwepesi kuliko sindano, hulidaka hewani. Hata mume alipoulizwa mbele ya watu kama anakubali kumwoa, alikwama, na bibi harusi akamjibia, "Amekubali!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bwana harusi naye alicheka, au ndivyo mkewe alivyokumbuka.

Sasa walikuwa yadi ya magari. Fundi alitaka gari la kubebea madebe yake, na sharti lake lilikuwa moja: aweze kupiga simu kwa kuliambia gari tu akiwa barabarani, yeye mwenyewe, bila mtu wa kumsemea.

Muuzaji akawaingiza kwenye gari jipya, kioo chake cha kugusa kipana kama sinia. "Hili haliunganishwi na simu ya mtu, mzee. Lina akili zake. Liambie utakacho."

"Ta-ta-tafu..."

"Samahani, sijakuelewa," gari likasema, kwa upole wa kuudhi.

Akajaribu tena, likamkatiza tena. Roho ikamuuma mkewe, mdomo ukamponyoka: "Tafuta duka la rangi!" Ramani ikatanda papo hapo.

"Basi mama awe anapanda naye kila safari," muuzaji akatania.

Fundi akashuka. Akaelekea kwenye gari la zamani kidogo, lililoegeshwa ukutani.

"Hilo lenyewe halijui lolote," muuzaji akamwambia. "Linategemea simu yako tu."

"Ndi-ndilo hilo," fundi akasema, akaketi, akachomeka waya. Kioo kidogo kikawaka, na vyote vilivyokuwa kwenye simu yake vikajitokeza pale.

Mkewe alikaa pembeni yake, amenuna, jicho kwenye simu. Simu ile alikuwa na kisa nayo. Jioni nyingi alimsikia mumewe akinong'ona nayo stoo, kwenye madebe, akaapa kimoyomoyo kwamba kuna mwanamke.

"Ni-nilikuwa naifundisha," mumewe akasema bila kumtazama. "I-isinikatize."

Akabonyeza kitufe kwenye usukani. "M-m-m..."

Duara dogo likaanza kucheza kwenye kioo. Mke akafungua mdomo. Mume akainua kidole kimoja, kina rangi nyeupe ukuchani, naye akalimeza neno lililokuwa ulimini. Duara likaendelea kucheza, halichoki.

"M-mpigie... ma-mama... ma-ma-mapacha."

"Nampigia mama mapacha," gari likasema.

Simu ikalia ndani ya mkoba wa mkewe. Akaitoa, akaipokea. Miaka yote ya ndoa, hakujua kwamba mumewe akiachwa amalize, hufika.

"Haloo?" Sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika za milango yote minne, kubwa, imejaa gari zima. Akashtuka.

Mume alikuwa ametazama mbele. "Si-siku ile ya harusi," akasema, "u-uliniwahi."

Muuzaji akagonga dirisha. "Vipi, mnalichukua?"

Mume akamwinulia kidole kile kile.

"Na," mume akaanza. "Na-na-na..."

Mama mapacha akaishika simu sikioni kwa mikono miwili, akauma midomo, machozi yakimtiririka. Akasubiri.

"Nakubali."