Chenga za Ijumaa

"Nimewarudishia gunia lao!" Chacha alisema huku akijifuta jasho, kifua mbele. "Dada Rede, watu wa Deira wanatuona washamba. Wametuletea chenga tupu! Nikawaambia yalla, leteni mchele wa watu. Huu hapa, punje ndefu, safi."

Redempta aliweka kisu chini. Alitaka kumzaba kibao, akataka na kucheka. Nani angemlaumu? Kwao Tarime chenga ni za kuku, na mwenye mgeni huzipepeta zikaisha. Chacha alikuwa na wiki moja tu huku ughaibuni, kwenye mgahawa huu wa Kivietnamu wa Al Baraha. Hakujua kwamba com tam, wali ambao Wavietnamu waliufuata hapa kila Ijumaa, hupikwa kwa chenga, basi.

Na Ijumaa hii ndiyo Madam Hoa, mwenye mgahawa, alikuwa amemwachia Redempta jiko, baada ya miaka mitatu ya kuosha vyombo. "Ukiweza, jiko ni lako," alimwambia. "Ukishindwa, khalas, sitakujaribu tena." Wageni kumi na wawili wangefika saa nane. Sasa ilikuwa saa nne, na dereva wa mchele hapokei simu.

"Lete kile kinu cha mchaichai," Redempta alisema.

Aliroweka mchele, akauchuja, akautwanga kwa mkono mwepesi. Ukizidisha unapata unga. Ukilegea, punje zinakucheka. Mama yake kule Kahama alipeleka punje nzima sokoni, watoto wakala chenga, na Redempta alificha sahani yake majirani wakipita. Leo alizivunja kwa makusudi, moja baada ya moja kama ingewezekana, na alijivuna, wala hakuona haya kujivuna.

Saa nane akapakua: wali, kuku wa kuchoma, yai la kukaanga, achari ya karoti, na kibakuli cha mchuzi wa samaki pembeni.

Madam Hoa aliionja sahani ya kwanza akiwa wima. Alitafuna polepole. Akachota tena.

"Hili gunia jipya ni zuri," alisema.

Chacha alitazama sakafu. "Gunia nililirudisha, madam. Hizo kazivunja dada mwenyewe."

Madam Hoa alimtazama Redempta, kijiko kikiwa hewani. Kisha akavuta stuli, akaketi, akamwagia wali mchuzi wote.

"Mpishi, pakua nyingine," alisema mdomo umejaa. "Hii ya mgeni naimaliza mimi."

Redempta alifunua sufuria, mvuke ukampanda usoni.